Kiti cha bunduki: sanaa au vyuma chakavu?

Wadau, wapo wanaosema hii ni vyuma chakavu tu. Mimi nakataa. Vita vya Msumbiji vilianza 1977 vikaisha 1992, silaha zikabaki kibao mitaani. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo likaanzisha mpango: leta bunduki, chukua jembe, baiskeli au cherehani. Bunduki zikakatwakatwa, wasanii wakapewa vipande. Mwaka 2001 Kester akaviunga kuwa kiti cha enzi, ambacho British Museum ilikinunua 2002.

Sasa cheki vipande vyenyewe: Ureno, Poland, Hungary, Korea Kaskazini. Hakuna hata kimoja kilichotengenezwa Afrika! Uzuri wa kiti si hoja, hoja ni swali lake: sisi tulizika, nani aliuza?