Toka Beni mpaka Kinshasa ni masaa ngapi?

Wanafunzi wenzetu, wakati wa likizo familia moja ya hapa Butembo ilishuka Beni, kilometa 54, kumpokea binti yao aliyetoka Kinshasa. Binti alikuwa amepiga simu: «Tunaruka saa 4 ya asubuhi. Njiani ni masaa 2 na robo.» Baba akahesabu: saa 6 na robo. Saa hiyo ikafika, hakuna ndege. Saa 6 na nusu, hakuna. Mama akaanza kulia palepale kwenye uwanja wa Mavivi. Saa 7 na robo ndege ikatua. Binti akashangaa kuona machozi, kwa maana ndege haikukawia hata dakika moja!

Tuelezane namna gani jambo hili linawezekana.

Kwa mstari ulionyooka, toka Beni mpaka Kinshasa ni kama kilometa 1,650. Ndege inayokimbia kilometa 800 kwa saa inamaliza safari hiyo kwa masaa 2 na dakika chache. Tukiongeza muda wa kupanda na wa kushuka, tunapata masaa 2 na robo. Ikitua kwanza mahali pengine, muda unazidi.

Lakini kuko jambo la pili. Dunia inazunguka digrii 360 kwa masaa 24, ni kusema digrii 1 kwa dakika 4. Kati ya Kinshasa na Beni kuko karibu digrii 14. Tufanye hesabu: 14 × 4 = dakika 56. Jua linatuamkia sisi karibu saa nzima mbele ya watu wa Kinshasa. Ndiyo sababu inchi yetu ina saa mbili, na ya kwetu inatangulia ya Kinshasa kwa saa 1.

Basi, anayeruka Beni saa 4 anafika Kinshasa saa 5 na robo ya kule. Anayeruka Kinshasa saa 4 anafika Beni saa 7 na robo ya hapa. Safari ni ileile.

Wamoja kati yetu wanabisha kwamba ndege ya kwenda inafika upesi kwa sababu dunia inazunguka na kuikuta. Sivyo. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hewa. Upepo tu ndio unaweza kuongeza ao kupunguza dakika.

Wachuuzi wetu wanaovuka Kasindi wanajua mambo haya zamani: wakiingia Uganda wanasogeza saa mbele tena saa 1.

Kwa hiyo, mtu akikupigia simu toka Kinshasa, umuulize kwanza: «Saa ya kwenu ao ya kwetu?» Neno hilo moja lingemponyesha mama yule na saa nzima ya machozi.

Zoezi: Ndege inaruka Beni saa 8 ya mchana. Inatua Kinshasa saa ngapi ya kule?