Meno ya Utoto Si ya Kutupwa

Likizo ya mwaka jana nilimkuta mdogo wangu wa miaka minne halali usiku. Kwetu ni upande wa Geita, penye wachimbaji wadogo wa dhahabu, na mama hufanya kazi mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Mtoto huenda naye. Akilia hupewa biskuti, au chai ya sukari katika chupa, akainyonya kidogo kidogo hata jioni. Simlaumu mama, hapana awezaye kushika karai kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono wa pili.

Gego lake la chini lilikuwa na tundu jeusi. Bibi aliweka karafuu, maumivu yakatulia, akasema, "Liacheni, mjukuu wangu, hilo litang'oka lenyewe." Tukaliacha. Baada ya siku chache shavu likavimba na homa ikapanda, ikabidi ling'olewe hospitali. Tangu hapo nimeuliza na kusoma juu ya jambo hili, maana neno la bibi husemwa katika nyumba nyingi.

Ni kweli kwamba meno ya utoto, ambayo ni 20, hung'oka, lakini si yote kwa wakati mmoja. Ya mbele hung'oka mtoto apatapo miaka 6 au 7. Magego hungoja hata miaka 9 mpaka 12. Basi gego lile la mdogo wangu lilikuwa na kazi ya miaka mingi bado. Tena huyashikia nafasi meno ya ukubwani. Likiondoka mapema, majirani zake huegemea pengo, na jino jipya hukosa njia. Jambo jingine wazazi wengi hawalijui: karibu na miaka 6, nyuma ya magego ya utoto, hutokea gego ambalo halikutanguliwa na jino lolote. Mtu hudhani ni la utoto, kumbe ni la maisha.

Jino huozaje? Kinywani mna vijidudu ambavyo hula sukari na kutoa tindikali, nayo huyeyusha gamba gumu la jino. Mate hulitengeneza tena, lakini yahitaji muda. Kwa hiyo kikombe cha chai tamu kinywewacho mara moja pamoja na chakula hudhuru kidogo kuliko chupa inyonywayo mchana kutwa, na chupa ya kulalia ni mbaya zaidi, maana usingizini mate hupungua. Alama ya kwanza si nyeusi, bali ni doa jeupe kama chokaa karibu na ufizi. Hapo jino laweza bado kupona kwa dawa ya meno yenye floraidi.

Hapa Shinyanga neno hilo huwatia watu hofu, kwa kuwa visima vingi vina floraidi nyingi, na watoto walioyanywa maji hayo hutoka na meno ya kahawia. Hayo si kuoza. Maji ya Ziwa Viktoria yaliletwa Kahama na Shinyanga kwa bomba mwaka 2009, ila wako bado watekao visimani. Dawa ya meno si kitu cha kunywa: mtoto wa chini ya miaka 3 atiliwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 mpaka 6 kiasi cha njegere, ateme. Na mkubwa ndiye apige mswaki, hasa usiku, mpaka mtoto afike miaka 7 au 8.

Tundu likiisha kutokea, si lazima kung'oa. Katika miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme wala mashine, kisha kuziba tundu kwa saruji ya meno. Leo yatumika katika nchi nyingi. Lakini haifai uozo ukiisha kufika kwenye neva na usaha kutunga, na huko ndiko sisi tulikomfikisha mdogo wangu.

Sasa chupa ya mwaloni ina maji matupu. Wiki ya kwanza alilia sana.