Pumzika kando ya Galana

Iwapo makelele ya jiji yamekuchosha, msomaji, ipeleke jamaa yako kwenye ukingo wa mto Galana, katika mbuga ya Tsavo Mashariki iliyotengwa mwaka wa 1948. Nchi hiyo ni kame, yenye miamba na vumbi jekundu linalowapaka ndovu rangi. Lakini mtoni, chini ya mikoma, kuna kivuli na upepo mwanana. Keti unywe chai, uwatazame ndovu wakishuka majini jioni.

Hata hivyo, usiwaache watoto peke yao ukingoni, wala usikubali waogelee. Karibu na maporomoko ya Lugard, mamba hujianika miambani kama magogo, nao viboko hujificha majini.

Kisha wape wanao funzo hili. Galana huzaliwa pale mto Athi unapokutana na Tsavo, na mto Nairobi humiminika katika Athi. Kwa hivyo, taka mnazotupa mtaroni mtaani kwenu zaweza kusafiri hadi hapo ndovu anapokunywa. Ukitaka kurudi Galana na kuukuta mto safi, anza na mtaro ulio mlangoni pako.