PIKIPIKI NA MACHO YA KISOGONI

Siku moja simama pale Nyakoe saa kumi na moja jioni, wakati watu wanarudi kutoka Kisii mjini, uhesabu vioo. Nimesema vioo, si pikipiki. Kila pikipiki ilitoka kiwandani na vioo viwili, kimoja kulia na kingine kushoto. Sasa tazama vilivyobaki. Utaona yenye kimoja tu. Utaona isiyo na hata kimoja. Utaona ile ambayo kioo kimegeuzwa ndani ili mwenyewe ajitazame ndevu, na ile ambayo vijiti viwili vimebaki juu bila chochote, mithili ya pembe za konokono. Ukimwuliza mwenyewe atakujibu bila wasiwasi, "Kwani mimi naenda nyuma?"

Jibu hilo huchekesha stejini. Lakini hebu tulipime barabarani. Barabara yetu ndiyo itokayo Kisii kwenda Oyugis na kuendelea hadi Kisumu. Malori hupita hapa, mabasi hupita hapa, na matatu hatuhitaji kuambiana. Dereva wa boda boda aliyebeba abiria na anayetaka kukata kulia aingie kijijini, hana budi kuuvuka upande wa magari mengine. Kuvuka kwenyewe, hata akiharakisha, kutamchukua takriban sekunde 3. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata meta 22 kila sekunde. Kwa hiyo katika sekunde hizo 3 litakuwa limekwenda meta 66, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Ikiwa lori hilo liko nyuma yake na dereva wake ameamua kumpita wakati uo huo, basi kinachotakiwa ni boda boda kuliona kabla hajapinda usukani. Kuja kwa mbele tunakuona sote. Anayekuja kwa nyuma ndiye mwenye maneno.

Wazee wanakumbuka kuwa boda boda ilianza kwa baisikeli huko Busia, watu wakivushwa kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Baisikeli haikuhitaji kioo sana kwa maana hata mwendeshaji angeweza kugeuka shingo taratibu. Mwaka wa 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya thamani kwa pikipiki ndogo, zile zisizozidi sisi 250, na tangu hapo hakuna kijiji cha Kisii wala Nyamira kisichojua mlio wa Boxer au TVS. Mwendo ukaongezeka. Shingo zikabaki zilezile.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe. Tuseme mtu ana vioo vyote viwili, vizima, vimesafishwa. Je, anaona nyuma? Mara nyingi haoni, na mkosaji ni kiwiko chake mwenyewe. Baridi ya asubuhi ya huku kwetu tunaijua, na mvua ya alasiri haina likizo. Kwa hiyo dereva huvaa koti zito, pengine kalivaa kinyume, mgongo ukawa mbele ili upepo usimpige kifua. Juu yake akaongeza ile jaketi ya kung'aa ambayo Sheria ya Trafiki inamtaka aivae. Mikono yake imenenepa kama ya mwanamiereka.

Chukua karatasi uchore. Tuseme katikati ya kioo cha kulia ni sentimeta 35 kutoka katikati ya pikipiki, nacho kiwiko kilichovikwa koti kimefika sentimeta 40, sentimeta 30 nyuma ya kioo. Mstari unaotoka katikati ya kioo na kukwepa kiwiko lazima uende nje sentimeta 5 kwa kila sentimeta 30 za kurudi nyuma. Ufuate mstari huo hadi meta 40 nyuma. Utakuwa umekwenda nje kiasi cha meta 7! Hapo si barabarani tena, hapo ni kwenye migomba ya watu. Jamaa anatazama kioo, anaona ndizi, anaridhika kuwa njia ni nyeupe.

Ndipo vinakuja vile vyuma vidogo vinavyouzwa kwenye maduka ya spea, ambavyo mimi nitaviita virefusho. Viko vya namna mbili hasa. Cha kwanza ni kifupi na kimesimama wima: hufungwa pale kioo kilipokuwa, kisha kioo hufungwa juu yake, kikapanda sentimeta 3 hadi 5. Cha pili kina mkono ulioelekea pembeni, nacho hukisogeza kioo nje. Kwa tatizo la kiwiko, cha pili ndicho dawa. Rudi kwenye mchoro wako, ongeza sentimeta 6 upande wa nje: 35 imekuwa 41. Mstari sasa waweza kwenda moja kwa moja nyuma bila kugusa koti, na lori lenye upana wa meta mbili na zaidi halina pa kujificha. Sentimeta 6 ni upana wa vidole vitatu vinne hivi. Cha kwanza, kile cha wima, humfaa zaidi mtu mrefu au yule ambaye kiwiko chake hukaa chini.

Sharti moja kuhusu upana. Kanuni nambari 81 ya Umoja wa Mataifa, ambayo viwanda vingi vya pikipiki huifuata, hutaka katikati ya kioo iwe angalau milimeta 280 kutoka katikati ya pikipiki, na eneo la kioo lisipungue sentimeta 69 za mraba. Hicho ni kima cha chini. Usifikirie basi kwamba ukirefusha zaidi ndivyo utakavyoona zaidi. Ukipita sokoni na vioo vilivyotandazwa kama mbawa za tai, utavunja kioo au utamgonga mama wa watu aliyejitwika kikapu.

Kufunga kirefusho ni kazi ya spana mbili, mara nyingi nambari 14, lakini wengi huharibu hapa. Kijiti cha kioo huwa na hesi, au thredi kama mafundi wanavyosema. Kwa pikipiki nyingi unene wake ni milimeta 10 na kila mzunguko husonga milimeta 1.25. Bolti ya kawaida ya milimeta 10 kutoka duka la vifaa vya ujenzi husonga milimeta 1.5. Ukizitazama kwa macho ni mapacha! Fundi asiye na subira huchukua bolti hiyo, akachomelea nati ya kioo juu yake, akasema kirefusho tayari. Itaingia mizunguko miwili kwa ulaini, itakataa, naye ataisukuma kwa nguvu. Kishikio cha mkono wa breki au klachi ni cha alumini, laini kuliko chuma. Hesi zake husagika na kioo hakikazi tena maisha. Kwa hivyo jaribu kwa vidole vitupu kwanza. Ikiwa haiendi kwa vidole, hiyo si saizi yake, hata fundi aape.

Wenye Yamaha wana kituko kingine. Kwenye nyingi kati ya hizo kioo cha kulia hufungwa kinyumenyume, yaani ukitaka kukaza wazungusha kushoto. Watu hudhani ni kosa la kiwandani. La hasha! Kioo cha kulia kikigongwa kutoka mbele huzunguka upande wa mishale ya saa. Hesi ya kawaida ingezidi kukaza hadi kitu kivunjike, lakini hesi ya kinyume hulegea na kioo kikageuka tu. Basi mwambie muuza spea mapema kuwa unataka kirefusho cha Yamaha cha kulia.

Urefu nao una gharama yake, ni mtikisiko. Injini ya silinda moja hutetemesha usukani, na kijiti kikirefuka, kioo cheza chake huzidi. Hili si jambo geni. Mwaka wa 1911 huko Indianapolis, Marekani, Ray Harroun alishinda mashindano ya maili 500 akiwa peke yake garini. Wenzake walibeba mtu wa pili wa kuwatazamia nyuma, tuseme makanga wao. Harroun alifunga kioo badala ya makanga. Baadaye alikiri kuwa njia ile ya matofali ilikitikisa kioo hata hakuona kitu cha maana. Dawa ya kwetu ni kuchagua kirefusho kinene na kifupi kadiri iwezekanavyo, kuweka washa ya mpira chini yake, na kukaza nati ya kufungia.

Sasa nisikilize vizuri, hasa ninyi wa Fizikia. Kioo cha pikipiki aghalabu ni kioo mbinuko, yaani kimetokeza tumbo. Faida yake ni kuonyesha eneo pana. Hasara yake ni kupunguza vitu. Chukua kioo ambacho nusukipenyo cha mpindo wake ni sentimeta 120, na jicho liko sentimeta 60 kutoka kwenye kioo. Lori lililo meta 40 nyuma litaonekana dogo kama lililo meta 80. Fanyeni hesabu wenyewe, mtaipata. Kwa ule mwendo wa kilomita 80, meta 80 ni sekunde 3 na nusu hivi, meta 40 hazifiki hata sekunde 2. Dereva ameona lori, amekisia, amekata kulia akiamini ana nafasi. Nafasi haipo. Na vile vioo vidogo vya mviringo vinavyobandikwa juu ya kioo kikubwa hubinuka zaidi, kwa hiyo hupotosha umbali zaidi. Vinafaa kukuambia kuna kitu. Kiko wapi, usiviulize.

Kuna pia mzigo. Mikungu ya ndizi iliyoning'inizwa pande zote mbili, kreti za soda, au abiria wawili mahali ambapo sheria inaruhusu mmoja: hapo hakuna kirefusho kitakachosaidia.

Ukishafunga, keti juu ya pikipiki kama unavyoketi ukiendesha, na koti lako mwilini. Pindisha kioo hadi upeo wa barabara ukate katikati yake na ukingo wa ndani uonyeshe kipande kidogo tu cha mkono wako. Kisha mwombe rafiki aliyevaa sweta ya shule atembee kutoka nyuma kabisa, apite kulia kwako polepole. Atakuwa kiooni, halafu atapotea kabla hujamwona kwa pembe ya jicho. Pale alipopotea papigie alama kwa kijiti ardhini. Pikipiki nzima hutosha kujificha hapo, na pa kupaonea ni juu ya bega tu.

Mwisho, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye kishikio; hata rangi ya kucha ya dada yako yatosha. Kila asubuhi tupia jicho. Mistari miwili ikiachana, nati imelegea, toa spana.