Jina Si Mali Hadi Apatikane Mwenye Haja Nalo

Imezuka biashara mpya miongoni mwa vijana wetu, nayo haihitaji duka wala mizani. Kijana huketi mbele ya kompyuta mjini Lodwar au Kakuma, akatafuta jina ambalo bado halijachukuliwa kwenye intaneti, akalilipia ada ya mwaka mmoja, kisha akangoja atokee tajiri wa kulinunua kwa bei maradufu. Jina lenyewe ni anwani ya tovuti, lile neno linaloishia kwa .com au .co.ke. Wanafunzi kadhaa, na hata walimu wenzangu, wameniletea orodha za majina yao wakiuliza: "Mwalimu, haya yanaweza kuleta kiasi gani?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu la haki.

Jibu langu ni kwamba jina jipya halina bei, lina gharama. Bei huzaliwa siku anapopatikana mtu mwenye fedha ambaye kazi yake haiendi vyema bila jina hilo. Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda, na katika biashara hii kidonda hujificha ndani ya unyemi wenyewe.

Vijana huvutwa na habari za mauzo makubwa. Ni kweli kwamba business.com iliuzwa kwa dola milioni 7.5 mwaka 1999, na kwamba mwaka 2019 kampuni ya MicroStrategy iliiuza voice.com kwa dola milioni 30. Hata hivyo, hayo ni maneno mafupi ya Kiingereza yanayotamkwa kila siku na mamilioni ya watu, na yalisajiliwa zamani. Jina la kwanza la .com lilisajiliwa Machi 1985, na hadi mwaka 1995 aliyesajili hakutozwa ada. Waliotangulia walichuma matunda ya matawi ya chini. Anayesajili leo anaokota yale ambayo watu wa dunia nzima wameyapita kwa takribani miaka arobaini. Kwa hiyo na ajiulize kwanza: kwa nini jina hili limeachwa mpaka leo? Yamkini jibu la kutia moyo ni moja tu, kwamba pametokea jambo jipya ambalo jana halikuwapo.

Lakini jambo jipya nalo hudanganya. Machi 2012 ilipotangazwa kuwa mafuta yamegunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, hapa Turkana, ndoto nyingi zilizaliwa siku moja. Mtu angeweza kudhani kwamba kila jina lenye maneno Turkana na mafuta litagombaniwa. Mafuta ya majaribio yalianza kubebwa kwa malori mwaka 2018, shehena ya kwanza ikasafirishwa ng'ambo mwaka 2019, na kufikia mwaka 2025 kampuni ya Tullow ilikuwa imekubali kuiuzia Gulf Energy biashara yake ya Kenya. Aliyesajili jina mwaka 2012 angekuwa amelipa ada zaidi ya mara kumi. Aidha, kampuni hizo zilikuja na majina yao wenyewe, hazikuhitaji letu.

Umaarufu pia si soko. Kakuma inajulikana ulimwenguni tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, na mwaka 2016 wanariadha watano waliotoka humo walikimbia katika Michezo ya Olimpiki ya Rio. Lakini mashirika yanayofanya kazi Kakuma hutumia anwani zao za siku zote. Jina laweza kujulikana na watu milioni moja likakosa mnunuzi hata mmoja.

Tukiisha kumtafuta mnunuzi, ndipo tulipime jina lenyewe. Litamke mara moja kwenye simu: je, anayesikia ataliandika bila kukosea? Tarakimu na vistari hulipunguzia thamani. Tazama pia mwisho wake. Mteja wa Kenya huiamini .co.ke, lakini tangu mwaka 2017 KENIC, shirika linalosimamia majina ya Kenya, imeruhusu majina yanayoishia kwa .ke peke yake, na mwaka huohuo ukafunguliwa mlango wa .africa. Kila mlango mpya humpa mnunuzi pa kukimbilia akikataa bei yako. Zipo programu zinazokadiria bei papo hapo kwa kulinganisha jina na mauzo yaliyopita, lakini makadirio si mnunuzi, wala hayalipi karo.

Iko pia njia ya mkato iliyo haramu, nayo ni kusajili jina la kampuni maarufu au la mtu mashuhuri ili umtoze. Tangu mwaka 1999 ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, lina utaratibu wa kumnyang'anya jina mtu aliyelichukua kwa nia mbaya. Hapa Kenya, sheria ya uhalifu wa kompyuta iliyopitishwa mwaka 2018 ina kifungu kinachotaja faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana mali bila daftari huisha bila habari. Tuseme, kwa mfano tu, una majina 100, na kila moja hulipiwa shilingi 1,000 kwa mwaka. Hiyo ni shilingi 100,000. Ukiuza moja mwaka huo, sharti lilete shilingi 100,000 ndipo urudi ulikoanzia. Usipouza, mwaka wa pili unadaiwa tena. Mfugaji akikosa bei mnadani humrudisha mbuzi wake nyumbani akamkamua. Jina lisilouzwa halikamuliki.

Je, basi majina hayana faida? Yanayo, lakini njia yake ni nyingine. Tazama neno Kerio. Kwetu ni mto na makazi. Lakini kwa mafundi wa kompyuta ulimwenguni, Kerio ni programu ya kulinda mitandao, na kampuni iliyobeba jina hilo ilinunuliwa na GFI Software mwaka 2017. Herufi tano zilipata thamani kwa sababu ya kazi iliyotendwa chini yake miaka mingi. Zingeachwa zikae kimya, zingebaki herufi tano.

Kwa hiyo, ndugu walimu, tusiwakejeli vijana hawa. Tuwafundishe hesabu hii darasani, kwa kuwa ina asilimia, sheria na lugha kwa pamoja. Nanyi wanafunzi, aliye na shilingi elfu moja asinunue jina la kumngojea tajiri asiyemjua. Asajili jina moja kwa ajili ya kina mama wanaosuka vikapu vya mkoche, au kwa ajili ya mwenye gereji mtaani, kisha alijengee tovuti na kulipwa kwa kazi hiyo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na wema wa jina hutoka katika kazi inayofanywa kwalo.