Presi ya mkono haina swichi, kaka!

Basi bwana, wiki hii tuache kidogo mambo ya mademu na viwanja. Nataka niwasimulie habari ya kidole.

Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yalikuja vibaya, mama akasema hawezi kunilisha nikiwa nimekaa barazani nahesabu daladala. Nikaenda Gerezani, kwenye karakana moja ambayo jina lake naliweka kapuni. Tulikuwa vijana wawili, tunatengeneza bawaba za milango kwa presi ya mkono. Kama hujawahi kuiona, ni fremu nzito ya chuma yenye skrubu nene katikati, na juu ya skrubu kuna mkono mrefu wenye tufe la chuma mwishoni. Unavuta mkono, tufe linazunguka, skrubu inashuka na panchi inatoboa bati kama karatasi. Haina injini wala waya. Luku ikiisha, kazi inaendelea.

Hapo ndipo tulipoingia mkenge. Msumeno wa umeme unapiga kelele mpaka utauogopa tu. Presi iko kimya kama bibi harusi. Kumbe nguvu zote ziko kwenye lile tufe! Likishachanganya mwendo huwezi kulisimamisha kwa mkono, na ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya kishindo inazidi mara nne. Na swichi ya kuzima hakuna.

Mtindo wetu ulikuwa huu: mshikaji anaweka kipande, mimi navuta. Mwenye karakana alipenda hivyo maana bawaba zilitoka chapchap. Siku hiyo tulikuwa tunabishana mambo ya Simba na Yanga. Akaweka kipande, nikavuta. Akaona kimekaa upande, akarudisha kidole akisogeze. Nilimwona. Nikang'ang'ania mkono wa mashine kwa nguvu zangu zote, ukaniburuta kama mtoto. Pingili ya kwanza ya kidole chake cha shahada ilibaki kwenye dai.

Sielezi zaidi.

Jioni ile akaja mzee mmoja, fundi wa karakana ya jirani. Akaitazama mashine, akaniuliza, "Mwanangu, presi moja mnaiendeshaje watu wawili?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nikawa nampitia, shikamoo mzee, marahaba, nakaa pembeni kumwangalia.

Kwake anayevuta ndiye anayeweka kipande, hakuna cha msaidizi. Mkono mmoja uko kwenye mashine, wa pili umeshika koleo, na koleo ndiyo inayoingia chini ya panchi, vidole havina safari huko. Kwenye dai amefunga kizuizi ambacho kipande kinagota, kwa hiyo kinakaa sawa mara moja. Hakuna cha kurudi kukisogeza. Yaani kile kizuizi, kichuma cha kuokota, kingetosha kumwokoa mshikaji wangu.

Halafu kuna kichwa. Tufe linapita usawa wa uso wa mtu, kwa hiyo mzee amechora duara jekundu sakafuni. Ndani yake haingii mteja mwenye haraka wala mama ntilie na sahani zake. Presi imefungwa kwa bolti kwenye stendi, na stendi imefungwa kwenye zege. Yetu ilikuwa inacheza juu ya meza ya mbao, tunaikandamiza kwa mguu, usicheke!

Kitu kingine sikukijua kabisa. Ile skrubu ina mteremko mkali, kwa hiyo mashine ikilegea, mkono unaweza kuanza kuteremka wenyewe bila kuguswa, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyochanganya. Kila asubuhi mzee anaupandisha na kuangalia kama unatulia. Akibadilisha panchi, anaishusha polepole kwa mkono mpaka iingie kwenye dai sawasawa, ndipo anakaza bolti na kuvaa miwani yake, maana panchi ikipiga pembeni inaweza kupasuka na kuruka vipande. Akienda kula, anaishusha chini kabisa na kuuchomoa mkono. "Mtoto wa mtu akipita hapa atataka kubembea," anasema.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akinge sehemu za hatari za mashine. Ukutani kwetu tajiri alikuwa amebandika kalenda tu.

Mshikaji sasa anauza makava ya simu Kariakoo. Tukikutana ananipa mkono wa kushoto, na mimi naupokea hivyo hivyo, hatujawahi kuliongelea. Ila juzi kanipigia. Mdogo wake kapata kibarua kwenye presi huko Buguruni, akaniuliza kama nikimtazama dogo nitajua wanaendesha watu wangapi. Jumamosi tunakwenda wote wawili.