Kwa Nini Wengine Wanatuacha?

Imani iliyofika Karema na Wamisionari wa Afrika mwaka 1885 ndiyo tuliyoirithi kwa babu zetu. Hata hivyo, hapa Milepa wapo ndugu waliobatizwa wangali wachanga, ambao leo wanasali kwingine. Twapenda kusema wamefuata miujiza. Wengine, labda. Tunaozungumza nao hawalaumu mafundisho: waliugua au walifiwa, na Jumuiya ikabisha hodi na daftari la michango tu. Padre aweza kuwa mbali. Jirani hayuko mbali. Ndiyo maana Maaskofu wa AMECEA, mwaka 1976, walizikazia Jumuiya Ndogondogo. Ubatizo haufutiki. Anayerudi habatizwi upya, bali huungama. Aliyefunga ndoa kwingine aanze kwa kumwona paroko.